Upupu si wa Kuchezea, Wala si wa Kudharau

Sidhani kama yumo mwanafunzi katika shule yetu hapa Likuni asiyeujua upupu. Wengi wenu mkisikia jina hilo mtacheka, kwa kuwa mtakumbuka madawati na mashati. Mtundu mmoja huenda kichakani wakati wa kiangazi, akachuma maganda yake kwa jani la mgomba, akayakung'uta juu ya kiti cha mwenziwe, na siku hiyo darasa zima likakosa hesabu. Hata ninyi kaka zetu mliomaliza zamani, ambao leo ni walimu, matabibu na mabwana shamba, nadhani mngali mnakumbuka mambo hayo.

Lakini leo sikukusudia kuandika habari za utundu. Nina neno moja tu la kusema, nalo ni hili: dawa ya kienyeji ni mmea pamoja na maarifa ya kuutengeneza. Mtu akiuchukua mmea na kuyaacha maarifa, huenda amebeba sumu mkononi. Upupu ndio shahidi wangu. Tena nasema hayo kwa sababu sisi vijana, na hasa sisi tuliolelewa kambini Dzaleka, tuko karibu sana kubaki na mimea mitupu, wakati maarifa yake yanazikwa pamoja na wazee.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Upupu ni wa jamii ya maharage, nao hutambaa na kupanda juu ya miti mingine mpaka ukaifunika. Kila kikonyo hubeba vijani vitatu. Maua yake ni ya zambarau, hushuka chini katika vishada. Na maganda yake yamejipinda kama herufi S, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu. Manyoya hayo ndiyo yawashayo. Yana aina ya protini iitwayo mukunaini, nayo huichokoza mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi. Wataalamu wa Marekani waliichunguza sana katika miaka ya 1950 ili wapate kujua mwasho ni kitu gani. Wajuzi wa mimea huuita mmea huu Mucuna pruriens, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ni "wenye kuwasha".

Wachewa, wenyeji wetu, huuita chitedze. Basi kila apitaye njia ya kwenda Mchinji hukiona kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha Chitedze, ambacho si mbali na hapa kwetu, nacho kina jina lile lile la mmea tunaouogopa. Tena iko aina nyingine ya mmea huu huu, isiyowasha, ambayo watu wameilima kwa miaka mingi. Hapa Malawi huitwa kalongonda. Mkulima huipanda ili udongo wake upate rutuba, kwa maana mizizi yake, kama ya jamaa zake wote wa maharage, hukaa pamoja na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Na njaa inapobisha hodi, mbegu zake huliwa.

Sasa natuangalie kazi zake za dawa. Waganga wa Bara Hindi tangu zamani za kale wametumia mbegu za upupu kumtibu mtu mwenye ugonjwa wa kutetemeka. Katika Nigeria wako waganga wanaompa mtu mbegu zake ameze, kuwa kinga ya sumu ya nyoka. Hata manyoya yale mabaya yalipata kuwa dawa: katika karne ya 18, huko visiwa vya West Indies na Uingereza pia, yalichanganywa na asali nzito ya miwa, wakapewa watu wenye minyoo. Mimi simwambii mtu ajaribu hata moja katika hayo. Aliyeumwa na nyoka na aende hospitali upesi, asingoje mbegu. Nataka tu mjue kwamba watu wa nchi nyingi, wasiojuana, waliutazama mmea huu mmoja wakaona nguvu ndani yake.

Nguvu hiyo ni nini? Ndani ya mbegu imo kemikali iitwayo levodopa. Mwaka 1913 mtaalamu mmoja, jina lake Marcus Guggenheim, aliitoa katika maharage makubwa ya Ulaya, kule Basel katika nchi ya Uswisi. Alimeza gramu mbili na nusu ili aone itakuwaje, naye akatapika sana. Mwaka 1937 wataalamu wa India waliikuta kemikali hiyo hiyo katika mbegu za upupu. Lakini bado hakuna aliyejua faida yake.

Faida yake ilijulikana kwa njia ya ugonjwa wa kutetemeka. Daktari mmoja wa London, James Parkinson, alikuwa ameueleza ugonjwa huo katika kitabu mwaka 1817, na leo unaitwa kwa jina lake. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mwili hukakamaa, hatua huwa fupi, na uso hukosa kucheka. Baadaye sana iligunduliwa kwamba katika ubongo wa mgonjwa imepungua kemikali iitwayo dopamini. Dopamini yenyewe ikimezwa haiingii ubongoni, lakini levodopa huingia, na ikisha kuingia hugeuka kuwa dopamini. Mwaka 1961 madaktari wa Vienna waliwapa wagonjwa levodopa kwa sindano, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967 daktari George Cotzias, huko New York, alionyesha jinsi ya kuitumia kwa muda mrefu: kuanza na kidogo, kisha kuongeza pole pole mpaka ifike kadiri imfaayo mgonjwa. Mpaka leo levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo ulimwenguni.

Basi waganga wa Bara Hindi walikuwa na haki! Hapo wenzangu wengine watashangilia na kusema, "Mnaona? Hospitali za nini? Mwacha asili ni mtumwa." Nawaomba wangoje kidogo, kwa maana hadithi haijaisha. Dawa iliyo katika mbegu ya upupu ndiyo sumu iliyo katika mbegu hiyo hiyo.

Waulizeni mama wa Malawi wanaojua kupika kalongonda. Watawaambia kwamba hupikwa kwa saa nyingi, maji yake yakamwagwa, yakatiwa mengine, yakamwagwa tena, na maganda ya mbegu yakaondolewa, ndipo watu wale. Mama hao hawakusoma kemia. Hawakusikia habari za Guggenheim wala za Cotzias. Lakini walijua kwamba ndani ya maji yale ya kwanza kuna kitu kimtiacho mtu wazimu, wakayamwaga. Hayo ndiyo maarifa. Mtu angeweza kuchukua gunia zima la kalongonda asiyapate, kwa kuwa hayamo katika gunia. Yamo katika mkono wa mama anayeinamisha chungu.

Na maarifa hayo yakikatika itakuwaje? Jirani zetu wa Msumbiji wanajua. Mwaka 1989, katika jimbo la Nampula, wakati wa vita na njaa, watu zaidi ya 200 walirukwa na akili kwa ghafula. Walichanganyikiwa, wakaona maruerue, wakawaogopa hata ndugu zao. Madaktari walipochunguza waliona kwamba watu hao walikuwa wamekula mbegu za mmea huu. Si kwamba mbegu hizo zilikuwa ngeni kwao. Desturi ya kuzichemsha na kumwaga maji ilikuwapo. Lakini nchi ilikuwa na ukame, maji yalikuwa haba, na mwenye njaa hana moyo wa kumwaga maji ya chungu chake. Desturi ikakatwa katikati, na chakula kikawa sumu.

Ndugu zangu, nisomapo habari hiyo siwazi Nampula peke yake. Nawaza Dzaleka. Kambi yetu, iliyo katika wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hivi, na leo ina zaidi ya 50,000. Tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Kila mmoja alikuja na kumbukumbu ya mti wa kwao: bibi yangu alichemsha mzizi fulani, babu yangu alisaga mbegu fulani. Lakini bibi alibaki njiani, na babu alizikwa Kivu. Mtoto anakumbuka kwamba mzizi ulichemshwa. Hakumbuki ulichemshwa mara ngapi. Anakumbuka jina kwa lugha ya nyumbani. Hajui kama mmea aliouona kando ya mto hapa Malawi ndio ule ule, au ni jamaa yake tu mwenye majani yafananayo. Vita vilipotukimbiza tuliokoa nusu ya maarifa, na katika mambo ya dawa nusu ni hatari kuliko kutojua kabisa, kwa kuwa asiyejua kabisa hujizuia.

Niliona jambo hili kwa macho yangu. Mzee mmoja, jirani yetu kule kambini, alianza kutetemeka mkono wa kuume. Watu wakasema amelogwa. Wengine, wabaya zaidi, wakasema huenda yeye ndiye mchawi, na uchawi umemrudia. Mzee akawa haendi tena kisimani wala barazani. Aliuficha mkono wake ndani ya koti hata wakati wa joto. Akapita mchuuzi mwenye unga wa kijivu katika vifuko vya plastiki, asiye na jina la unga wala kipimo, akasema, "Kijiko asubuhi, kijiko jioni." Siku ya tatu mzee alitapika mpaka akakosa nguvu, na usiku akasema na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Binti yake alipomfikisha kwa tabibu, tabibu aliuliza swali moja: "Mmempa nini?" Hakuna aliyeweza kujibu. Mpaka leo hatujui kama ulikuwa upupu au kitu kingine kabisa. Bahati njema mzee alipona tumbo lake, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kutetemeka kule ni ugonjwa, wenye jina, wenye dawa, wala hakuna mtu aliyemtupia.

Msidhani kwamba mzee huyo yuko peke yake. Katika wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro katika Tanzania, madaktari walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wenye ugonjwa huu, na majibu yao yalitangazwa mwaka 2008. Wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu ye yote kwamba wana ugonjwa gani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa tunaowaficha wagonjwa ni sisi, kwa maneno yetu ya ulozi.

Sasa nitawajibu wenzangu wa pande mbili.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba mambo ya mizizi ni ushenzi, hayamfai mtu aliyesoma. Hao nawaambia wasome zaidi. Katika mwaka 2004, madaktari wa London waliwapa wagonjwa 8 unga wa mbegu za mmea huu wa upupu, wakaulinganisha na vidonge vya hospitali, na unga ukafanya kazi njema. Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio ya wagonjwa 18 katika nchi ya Bolivia, yaliyofanywa kwa sababu vidonge ni ghali kwa maskini. Huko nako unga ulisaidia. Ikiwa madaktari wakuu hawakuona aibu kuutazama upupu, mwanafunzi wa sekondari ataonaje aibu?

Wa pili ni wale wasemao kwamba cha asili hakidhuru. Hao nawaambia kwamba madaktari wale wale waliendelea na majaribio, na mwaka 2018 walitangaza kwamba walipowapa wagonjwa 14 unga huo kila siku kwa majuma kadhaa, 7 kati yao walishindwa kuendelea. Wengine waliumwa tumbo na kichefuchefu, wengine kutetemeka na kukakamaa kukazidi. Na hao walikuwa chini ya macho ya madaktari, unga wao umepimwa kwa mizani. Mbegu za upupu hazilingani: huwa na levodopa sehemu 3 katika 100, au 6, au zaidi, kwa kadiri ya aina na udongo. Kijiko cha leo si sawa na kijiko cha kesho. Mchuuzi mwenye vifuko vya plastiki atajuaje?

Hapa Likuni hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza faida ya kipimo. Nchi nzima ya Malawi yaujua uji wa Likuni Phala, uliopata jina lake hapa kwetu. Umetengenezwa kwa nini? Mahindi na soya, vitu ambavyo kila mama anavyo. Sifa yake ni kwamba vitu hivyo vya nyumbani viliwekewa kipimo, kipimo kikaandikwa, na kila mtu akaweza kuupika sawasawa kwa mtoto aliyekonda. Kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa maarifa ya miti?

Kwa hiyo natoa shauri. Shule yetu na ianzishe daftari la mimea. Kila mwanafunzi aendapo likizo, awe wa Dzaleka, wa Lilongwe au wa kijijini, amwendee mzee mmoja anayejua dawa, amwombe ruhusa kwa adabu, aandike mambo haya: jina la mmea kwa lugha ya mzee, na kwa Kichewa, na kwa Kiswahili, sehemu itumikayo, kama ni mzizi, jani au mbegu, jinsi ya kuitengeneza tangu mwanzo hata mwisho, kipimo, nani asipewe, na dalili gani zikitokea mgonjwa akimbizwe hospitali. Jina la mzee nalo liandikwe, ikiwa mwenyewe apenda. Tawi lenye jani na ua likaushwe ndani ya gazeti, tulipeleke Zomba, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea, ili watuambie jina lake la kitaalamu. Hapo Mrundi na Mkongo na Mchewa watajua kama wanasema habari za mti mmoja au za miti mitatu.

Daftari hilo lisiwe kitabu cha kujitibia. Liwe amana. Siku tabibu akiuliza, "Mmempa nini?" pawe na mtu wa kumjibu.

Najua wazee wengine watasema, "Tukiandika, wageni watatuibia." Hofu hiyo si ya bure. Lakini kumbukeni habari ya manjano. Mwaka 1995 huko Marekani ilitolewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa kutibu vidonda kwa manjano, jambo ambalo kila bibi wa Kihindi alikuwa akilijua. Serikali ya India haikulia kwa machozi. Ilileta maandishi ya kale, ikaonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana zamani, na mwaka 1997 hati ile ikafutwa. Maandishi ndiyo yaliyowaokoa. Ambaye maarifa yake yamo kichwani tu, atatoa ushahidi gani?

Kaka zetu mliotutangulia, ninyi mna sehemu kubwa katika kazi hii. Mlio matabibu, tusaidieni kusahihisha. Mlio Chitedze na kwenye vyuo vya kilimo, tufundisheni kukausha na kupima. Mlio walimu, msiwacheke watoto wanaotaja majina ya miti ya kwao.

Nanyi wenzangu wa kidato cha juu, mtihani ukisha tutatawanyika, na wazee wetu hawatatungoja. Likizo hii kila mmoja achukue daftari na kalamu, aketi chini mkekani kama mwana, asikilize mpaka mwisho. Mzee akisha kutaja mti wake, msiinuke haraka. Mwulizeni unachemshwa mara ngapi, na maji ya kwanza humwagwa au hunywewa.